Ufuko mtulivu usio na mwokoaji: niwapeleke watoto au nisubiri wakue?

Swali:

"Mwalimu, habari za kazi. Tunapanga kwenda kukaa siku chache kwenye kisiwa kidogo: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka tisa, binti wa miaka mitatu na mama mkwe. Nyumba tuliyoipata iko upande wa kisiwa usiopigwa na upepo. Pichani unaona mchanga mweupe, maji ya kiunoni hadi mbali, mwamba unaozuia mawimbi, na watu wa kuhesabu. Hakuna mwokoaji wala bendera za tahadhari. Shemeji yangu anasema bahari ya namna hiyo ni beseni tu, mtoto hata akitaka kuzama hawezi. Mke wangu anaogopa papa na konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha. Mama mkwe anasema mtoto akishakula asiingie majini. Kijana amejifunza kuogelea kwenye bwawa, na binti nimemnunulia maboya ya mikononi pamoja na boya kubwa la kupuliza. Je, utulivu huo ni usalama kweli? Tutafute ufuko wenye watu na waokoaji, au tusubiri watoto wakue?"

Jibu:

Ndugu yangu, wapeleke. Nimeanza na jibu kwa sababu barua yako ina hofu tatu nne zinazovutana, na sitaki usome hadi mwisho ukingoja hukumu. Mahali mlipopachagua panaweza kuwapa watoto siku njema kuliko ufuko uliosongamana watu na boti za injini. Sharti langu ni moja: usiuchukue utulivu kuwa ndio usalama. Utulivu unakuambia kwamba watu ni wachache na mawimbi ni madogo. Haukuambii maji yanaelekea wapi saa hiyo, wala ni nani atakayemtoa mtoto yakimchukua. Pasipo na mwokoaji, kazi ya mwokoaji ipo palepale, na watakaoifanya ni wewe na mkeo.

Papa tumalizane naye mapema. Mashambulizi ya papa ambayo binadamu hakuyachokoza, kwa dunia nzima, kwa kawaida hayafiki mia moja kwa mwaka, na mengi hayaui. Sasa linganisha: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne, kufa maji ni sababu ya nne ya vifo duniani. Kwa wa miaka mitano hadi 14, ni ya tatu. Vifo hivyo havitokei baharini tu, vingi hutokea mitoni, visimani na kwenye mabwawa. Lakini wanao wote wawili wamo ndani ya umri huo, kwa hiyo hofu ya mkeo ni ya haki, ila imemwelekea mnyama asiyehusika.

Turudi kwa shemeji. Hakukosea yote. Mwamba ukiyakata mawimbi, maji ya ndani hutulia kama ya beseni. Tatizo ni kwamba beseni hilo lina tundu, na hujazwa na kumwagwa kila siku.

Mahali pengi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50. Hizo dakika 50 za ziada zinatokana na mwezi: dunia inapomaliza kujizungusha, mwezi nao umeshasogea kwenye njia yake, kwa hiyo dunia huhitaji muda kidogo zaidi kuufikia tena. Ndiyo maana maji yaliyojaa leo saa mbili asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa tatu kasorobo au saa tatu. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na ushee. Ziko pwani zenye mzunguko mmoja tu kwa siku, na ziko bahari ambazo maji hayapandi wala kushuka kiasi cha kuonekana, ndiyo maana jambo la kwanza kulitafuta kabla hujafunga mizigo ni jedwali la maji la kisiwa hicho chenyewe, si la mji ulio karibu.

Kinachowaponza wageni ni kwamba maji hayatembei kwa mwendo mmoja katika saa hizo sita. Mabaharia wana hesabu yao ya siku nyingi: gawanya kimo chote cha mabadiliko mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza maji hubadilika fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tuseme tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni mita tatu. Saa ya kwanza yatapanda sentimita 25, nawe ukiwa umekaa mchangani hutaona kitu. Saa ya tatu peke yake yatapanda sentimita 75. Maji yaliyokuwa yakimlowesha binti yako vifundo vya miguu yatakuwa kifuani kwake kabla hujageuza ukurasa wa pili wa gazeti. Hayakuja kwa kishindo, ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka.

Yanapotoka ndipo penye kazi zaidi. Maji yaliyojaa ndani ya mwamba hayapenyi mwambani kila mahali sawasawa. Hutafuta mlango, yaani pale mwamba ulipokatika, ambapo mara nyingi ndipo vyombo hupita. Eneo kubwa la maji likitokea kwenye uwazi mdogo, mwendo huwa mkali hata kama uso wa bahari umelala. Isitoshe, nje mawimbi yakiwa makubwa, hurusha maji juu ya mwamba na kuyaingiza ndani muda wote, na maji hayo nayo lazima yatoke kwa mlango uleule. Mkondo wa kurudi baharini kwa kawaida huenda chini ya mita moja kwa sekunde, lakini imewahi kupimwa hadi karibu mita 2.4 kwa sekunde. Mwogeleaji wa Olimpiki hawezi kushindana na mwendo huo kwa muda, seuze mtu aliyekuja kupumzika.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya mtoto yeyote kulowa, simama mahali palipoinuka maji yakiwa yanapwa, ukayatazame. Tafuta mstari wa maji meusi zaidi unaokwenda nje, mahali ambapo mawimbi hayavunjiki ilhali pembeni yanavunjika, au povu na majani yanayosafiri kuelekea baharini. Watu wengi huona pale pasipovunjika mawimbi wakadhani ndipo pazuri pa kuogea. Hapo ndipo mlangoni. Kaeni mbali napo, upande ambao maji hayaelekei huko.

Na saa ya kuogelea? Mimi ningechagua saa mbili za mwisho za maji kujaa, na ule muda mfupi yanaposimama kabla ya kugeuka. Maji yanayojaa hukisukuma ndani kila kinachoelea, yanayopwa hukitoa. Yakishaanza kupwa kwa nguvu, watoto wacheze kwenye vidimbwi vinavyobaki mchangani, mkiwa mmeketi karibu. Kama tarehe zenu zinaweza kusogezwa, zipelekeni siku za maji mafu, mwezi unapoonekana nusu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili hivi baada ya hapo, maji hupanda zaidi na kushuka zaidi, na mikondo yote niliyoieleza huongezeka.

Neno moja kuhusu mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yakitoka. Yanavutia sana kwa matembezi na picha. Maji yakirudi hayaji kwa mbele ukayaona; hupita nyuma yako, kwenye bonde lililo kati ya fungu na pwani, kwa kuwa bonde ndilo lililo chini. Ukigundua, tayari umekuwa kisiwani ndani ya kisiwa na mtoto wa miaka mitatu mkononi. Mkienda huko, geukeni kurudi kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, wala msingoje yaanze kujaa.

Sasa upepo, na hapa ndipo nilipoisoma barua yako mara mbili. Umesema nyumba iko upande usiopigwa na upepo, na umenunua boya kubwa la kupuliza. Vitu viwili hivi havifai kukutana. Upande huo, ambao mabaharia huuita wa demani, ni mtulivu kwa sababu upepo unapita juu ya kisiwa na kutokea pwani kwenda baharini. Wimbi huhitaji umbali ili likue. Karibu na mchanga upepo haujapata umbali huo, basi maji yanalala. Lakini nguvu ya upepo ipo, na inasukuma nje. Boya la kupuliza ni jepesi, limekaa juu ya maji, halina cha kulishikilia. Likiwa na mtoto juu yake, hupita maji ya kiunoni kwa muda mfupi sana, na likifika kwenye maji yasiyokingwa na kisiwa huenda kasi kuliko baba anayelifukuza akiogelea. Lipulizeni, mlikalie mchangani, lakini lisiingie baharini. Kijana naye aambiwe mapema, kabla halijatokea: mpira au kandambili ikichukuliwa na upepo, iache iende. Na ikitokea mtoto amechukuliwa akiwa juu ya kitu kinachoelea, asikiache aanze kuogelea. Akishikilie, kwa kuwa boti hukiona kitu kikubwa kabla ya kuona kichwa.

Kijana wako anajua kuogelea bwawani, na hilo ni jambo kubwa. Ila bwawa lina ukingo wa kushika, sakafu inayoonekana na maji yasiyokwenda popote. Anachohitaji baharini kabla ya mtindo wowote wa kuogelea ni kulala chali aelee, apumue, bila kuhangaika. Mfundishe hilo bwawani kabla hamjaondoka, na mlirudie kisiwani maji yakiwa kifuani kwako, wewe ukiwa pembeni yake. Kisha mwambie ukweli kuhusu mkondo: hauvuti mtu chini, humpeleka nje. Anayekufa mkondoni mara nyingi huwa amejichosha kwa kupigana nao akiutazama ufuko. Maelekezo yake yawe mafupi ayakumbuke akiwa na hofu: lala chali, nyoosha mkono juu uite, usishindane na maji, ukiwa na nguvu, ogelea kwa upande, sambamba na pwani, hadi maji yatakapoacha kukuvuta. Pia chagueni alama mbili za nchi kavu, mti na nyumba kwa mfano, na mkubaliane kuogelea kati yake. Mkiona mti umebaki nyuma na hamkukusudia, maji yanatembea. Tokeni, rudini kwa miguu.

Kwa binti, maneno yangu ni makali zaidi. Maboya ya mikononi ni vifaa vya kuchezea. Yanatoka, yanapasuka, na yanamfanya mtoto asimame wima majini, mkao uleule wa mtu anayezama. Baya zaidi ni kwamba yanamfundisha mzazi kusogea mbali. Mnunulieni jaketi la kuokolea la uzito wake, lenye kola nyuma ya kichwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Yale yaliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 huandikwa nguvu zake za kumwinua mtu majini, kwa kipimo cha nyutoni: yenye nyutoni 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, kwa mtoto asiyejua tafuta la nyutoni 100 au zaidi, lililokusudiwa kumgeuza uso utazame juu. Mvalishe, ufunge, kisha mwinue kwa mabega ya jaketi. Likimpanda hadi masikioni ni kubwa, na halifai hata kama atakua nalo. Nguo yake ya kuogelea iwe ya machungwa au manjano inayong'aa. Buluu na nyeupe hupotea majini mtoto akiwa hata hatua chache tu kutoka kwako.

Jaketi halikupi ruhusa ya kukaa. Methali yetu husema mfa maji haishi kutapatapa, na kwa mambo mengine ya maisha ni kweli. Majini mambo ni tofauti. Mwokoaji wa Marekani Frank Pia, aliyepiga picha za filamu za watu wakizama kweli kwenye ufuko wa Orchard jijini New York, alionyesha kwamba asiyejua kuogelea hana nafasi ya kupiga kelele: mdomo unazama na kuibuka, na muda mfupi ulio juu ya maji unatumika kuvuta pumzi. Mikono haipungi, inabonyeza maji pembeni, kama anajaribu kuegemea. Kwa mbali anaonekana anacheza. Hali hiyo huchukua kati ya sekunde 20 na 60, kisha anazama. Kwa mtoto mdogo hesabu kwamba una sekunde chache hizo za mwanzo. Mtoto anayecheza hupiga kelele. Aliyenyamaza ndiye wa kumfuata.

Ndiyo maana kanuni yangu kwa mtoto wa umri wa binti yako ni umbali wa mkono. Ukinyoosha mkono bila kupiga hatua, umguse. Hii ni hata kwenye maji ya magotini, kwa sababu mtoto mdogo akianguka kifudifudi maji ya kina cha kiganja yanamtosha.

Lakini umbali wa mkono wa nani? Hapa familia nyingi hukosea bila mtu mmoja kuwa mzembe. Watu wazima watatu wameketi, kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Mtakuwa wewe, mkeo na bibi, na bado hakuna anayetazama. Gawaneni zamu waziwazi, kama robo saa hivi kila zamu, na kukabidhiana kwa maneno: "Nakuachia watoto." "Nimewapokea." Aliye zamu hana simu mkononi, hajanywa pombe, hasimulii hadithi akiipa bahari mgongo. Mama mkwe asipewe zamu ya majini kama hawezi kuingia na kumbeba mtoto. Mpe kazi nyingine ya kweli: yeye ndiye mwenye simu, namba za msaada na kujua nani aitwe.

Kuhusu marufuku yake ya kula kwanza, msibishane naye. Hakuna ushahidi imara kwamba tumbo lililoshiba huzamisha watu; linaweza kuleta uzito na kichefuchefu tu. Hata hivyo amri yake ina faida ambayo hakuikusudia: inawatoa watoto majini saa za jua kali na kuwapa wazazi nafasi ya kupumzisha macho. Ningeiacha iendelee.

Konyeza wapo wa aina nyingi na tiba hazifanani, kwa hiyo uliza kwa wenyeji kama wapo msimu huo na ni wa namna gani. Nguo nyembamba ya kubana yenye mikono mirefu huzuia sehemu kubwa ya mguso. Akiwashwa, mtoe majini, usisugue kwa mchanga, usimwagie mkojo wala maji baridi ya bomba, maana vyote hivyo vinaweza kufyatua vijimiiba vya sumu ambavyo bado havijafyatuka. Siki husaidia kwa konyeza wa umbo la kijisanduku. Kwa wale wenye kifuko cha buluu kinachoelea, wataalamu wengi hushauri maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika kama 20. Maji hayo ya moto ndiyo pia huduma ya kwanza kwa mwiba wa taa (samaki bapa anayelala mchangani) au wa samaki anayefanana na jiwe, ila kwa hao mgonjwa afikishwe kwa daktari siku hiyohiyo. Vaeni viatu vya majini, na mkitembea kwenye mchanga wenye maji buruteni miguu ili taa asikie na aondoke. Mtoto akianza kuhema kwa shida, kuvimba uso au kutapika baada ya kuumwa na chochote, hilo si la kungoja.

Jua nalo lisipuuzwe kwa sababu watoto wamo majini: nusu mita chini ya maji, miale inayounguza ngozi bado ina asilimia kama 40 ya nguvu ya juu. Kofia, nguo, kivuli, na losheni ya kukinga jua ipakwe upya kila baada ya saa mbili na kila wanapotoka kujikausha. Mashimo ya mchangani yasizidi goti la mtoto aliye mdogo kuliko wote. Mchanga ukibomoka humfunika mtu na hauchimbiki haraka, na wazazi wachache sana wanalifahamu hilo.

Sasa lile ambalo hakuna anayetaka kulifikiria. Mtoto akichukuliwa na maji, usiruke mikono mitupu. Wazazi wengi hufa wakiokoa watoto ambao hatimaye walitolewa na mtu mwingine. Rusha kwanza kitu kinachoelea: jaketi, dumu tupu lililofungwa, hata lile boya la kupuliza, ambalo hapo ndipo litakapopata kazi yake. Mtu apige simu na kuita boti. Ukilazimika kuingia, ingia na kitu kinachoelea, ukitangulize kati yako na anayezama.

Ukimtoa na hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Kumtoa maji tumboni kunapoteza muda na kunaweza kumtapisha akapaliwa. Aliyezama amekosa hewa, basi anza na hewa: fungua njia ya pumzi, mpulizie pumzi za kwanza (miongozo ya Ulaya husema tano, ya Marekani mbili), kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi mbili, uendelee bila kusita hadi msaada ufike. Nakuandikia haya ili uyatambue, si ili uyajifunze hapa. Mikono haijifunzi kwa kusoma. Wewe na mkeo mwende kwenye mafunzo ya siku moja ya huduma ya kwanza yenye mdoli wa kukandamiza, Chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu huyatoa katika nchi nyingi. Ukinilazimisha kuchagua kati ya fedha za jaketi bora kabisa na fedha za mafunzo hayo, ningenunua jaketi la kawaida linalomkaa vizuri na kwenda mafunzoni.

Mtoto aliyetolewa majini akiwa na shida, hata kama ameshasimama na anacheka, mtazame kwa saa zinazofuata. Kikohozi kisichokoma, kuhema haraka, kusinzia kusiko kawaida, midomo kubadilika rangi: hospitali, mara moja. Pengine umesikia habari za watoto "wanaozama nchi kavu" siku kadhaa baadaye bila dalili. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2002 waliyaacha majina hayo kwa kuwa yanachanganya. Mapafu yaliyoathirika huonyesha dalili, na kwa kawaida huzionyesha ndani ya saa chache. Aliyemeza funda moja la maji ya chumvi akapaliwa, akakohoa mara mbili na kurudi kucheza, mwacheni acheze.

Safari ya chombo kwenda kisiwani hukuitaja, nami naiogopa kuliko siku zote mtakazokaa ufukweni. Majaketi yavaliwe kabla chombo hakijang'oa nanga. Yakiwa yamerundikwa chini ya viti hayamsaidii mtu. Binti avae la kwake mlilokuja nalo, maana majaketi ya watoto ndiyo hukosekana. Ukiona abiria wamezidi, au nahodha mwenyewe anaitazama hali ya hewa kwa mashaka huku abiria wakimhimiza aondoke, shukeni. Mtapoteza siku moja.

Kuhusu kubadilisha ufuko, nitakupa hoja ya upande wa pili kwa haki. Chama cha waokoaji wa fukwe cha Marekani hukadiria kwamba penye ulinzi wa waokoaji wake, uwezekano wa mtu kufa maji ni mmoja kati ya milioni 18 kwa kila ziara. Hakuna baba anayeweza kutoa ulinzi wa kiwango hicho. Kama wewe na mkeo hamjui kuogelea kabisa (hukusema), au kama ni mmoja wenu tu atakayekuwa na watoto wote wawili majini, basi ningewashauri mwende penye waokoaji, kelele na msongamano mkavivumilia. Kama angalau mmoja wenu anaogelea vizuri, mmepata mafunzo, na kisiwa kina boti inayoweza kuondoka usiku na mtandao wa simu unaofika ufukweni, kisiwa ni chaguo zuri. Piga simu kwa mwenye nyumba umuulize hayo mawili, na umuulize hospitali iliyo karibu iko umbali wa saa ngapi. Akijibu "hapa hajawahi kutokea mtu kuzama", hajakujibu.

Kusubiri watoto wakue sioni faida yake. Kijana wa miaka 13 ni rahisi kumfundisha kuogelea lakini ni vigumu kumweka ndani ya alama mbili za pwani, na wa miaka tisa bado anakusikiliza.

Wapo ambao jibu la maandishi haliwatoshi. Mtoto mwenye kifafa asiingie majini kabla hujaongea na daktari wake ana kwa ana, kwa sababu degedege dakika moja tu majini linatosha. Mwenye pumu aende na dawa zake mfukoni, si nyumbani. Mama mkwe kama ana shinikizo la damu au moyo, daktari aamue kama safari ya saa kadhaa kutoka hospitali inamfaa. Na mkifika, kabla hamjafungua mabegi, tafuteni mvuvi au nahodha wa pale, mtembee naye ufukweni, umwombe akuonyeshe mlango wa mwamba ulipo na maji yanakokwenda yakipwa. Atakuonyesha kwa kidole kile nilichokieleza hapa kwa aya tano, na pale anaposema wao wenyewe hawaogi, nanyi msioge.